Daftari la Mfunguo Mosi

Kijijini kwetu Mtambwe, Pemba, msiba ule wa kuzama kwa meli ya Spice Islander hatuuhesabu kwa Septemba. Serikali ina tarehe yake, 10 Septemba 2011, na redio huitaja kila inapokumbuka kuitaja. Sisi tunafuata mwezi. Ukishaandama Mfunguo Mosi, watu wakamaliza Idi yao, wenye kufunga sita wakazifunga, maalim wa chuo cha Kurani hutoa daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, akalipangusa kwa kanzu yake, na hapo kila mtu anajua kuwa hitima, kisomo chetu cha kuwaombea marehemu, imekaribia. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule mwingine kwa siku kumi au kumi na moja, hitima yetu imekuwa ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Ilianza Agosti, ikaja Julai, ikaja Juni, sasa iko kwenye mvua za masika, na tunaisoma huku tumehamisha majamvi yasilowe. Wageni hudhani tumekosea tarehe.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari, jalada lake lilishabadilishwa mara mbili. Ndani yake mna majina ya watu wetu, wa kijijini na wa vitongoji vya jirani, waliopanda Spice Islander usiku ule wa kuamkia Jumamosi na hawakufika. Kila mmoja ameandikwa kwa majina matatu: lake, la babake na la babu yake. Maalim alishikilia jambo hilo tangu siku ya kwanza. Mtu akija na majina mawili alirudishwa nyumbani akaulize. "Huyu ana ukoo," alikuwa akisema. "Hatumwombei mtu kama tumemwokota njiani."

Kaka yangu yumo kwenye ukurasa wa pili.

Alikuwa mwashi, akifanya kazi Unguja. Idi ya mwaka ule hakuja, kwa sababu mwenye nyumba aliyekuwa akimjengea alitaka ukuta uishe kwanza. Akasema atakuja Idi ikishapoa, siku kumi hivi baadaye, na wengi walifanya hivyo hivyo: wafanyakazi, wafanyabiashara wadogo, wanafunzi waliokuwa wakirudi baada ya sikukuu, wazazi waliokwenda Unguja kwa jamaa zao na watoto wachanga mgongoni. Baada ya sala ya Isha alipiga simu. Nyuma yake kulikuwa na makelele hata tukawa tunakisia maneno. Alisema meli imejaa sana, watu wamekaa mpaka juu ya mapolo ya mchele, lakini inakwenda. Kisha akamtaka wifi yangu ampime mtoto, kutoka begani hadi kifundo cha mguu, maana amemnunulia kanzu kwa kukisia na moyo haujatulia. Wifi hakuwa na futi. Alimsimamisha mtoto, alikuwa na miaka miwili na usingizi umeshamjaa, akampima kwa mkono: shubiri tatu na vidole viwili. Kaka akacheka, akasema basi kanzu ni ndefu, itabidi ipindwe.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyasikia kwake. Nimeyaandika hapa yalivyo kwa sababu mtu akiondoka namna ile, watu huwa wanamtafutia maneno makubwa ya kuagia. Yake yalikuwa hayo ya kanzu.

Meli iliondoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, saa tatu usiku na kuzama yapata saa saba, kwenye mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambapo mabaharia wa dau na wa jahazi wamekuwa wakipaogopa tangu enzi za mababu. Ilikuwa meli kuukuu, imeundwa Ugiriki mwaka 1967, na haikuundwa kubeba hata watu mia saba. Wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao gizani, na boti za wapiga mbizi wa mahoteli nazo zikatoka. Watu zaidi ya mia sita waliokolewa, wengine wakiwa wameng'ang'ania magodoro yaliyokuwa shehena. Kwa wavuvi wale tuna deni lisilolipika. Katika dua yetu ya kila mwaka hutajwa mara tu baada ya marehemu: "na wale waliowatoa wenzao majini."

Sisi tulijua baada ya Alfajiri. Msikitini watu walikuwa hawajaondoka kwenye safu zao, simu zikaanza kulia mifukoni, moja, ya pili, kisha zote.

Ami alivuka kwenda Unguja kumtafuta. Maiti zililazwa kwenye mahema viwanja vya Maisara, watu wakipita safu kwa safu kutambua waliowapoteza. Alipita safu hizo mara tatu. Hakumwona. Aliwaona watu wawili wa kijijini kwetu na akashughulika nao, akarudi nao kuzikwa nyumbani, na mpaka leo akizungumza habari hiyo huanza na hao wawili. Ambao hawakutambuliwa na mtu walizikwa mahali paitwapo Kama, huko huko Unguja. Nikiwa Unguja huenda kule, nikasoma Yasini, nikarudi. Sijui kama yuko pale. Walioko pale ni wa mtu, na hilo linanitosha kwenda.

*

Sasa nieleze shida iliyotupata, maana naona watu wasiokaa visiwani hawaijui.

Lugha yetu ina neno tanga. Ni lile la jahazi, na ni msiba pia: watu wakikusanyika kwa aliyefiwa tunasema wamekaa tanga, na siku ya tatu wanalianua. Kulianua ni ruhusa. Wanaume hurudi kazini, majamvi hukunjwa, masufuria ya watu hurudishwa, na jirani aliyekuwa akilala kwako anakwenda kulala kwake. Lakini kinachotangulia yote hayo ni mazishi. Unaosha, unakafini, unaswali, unazika, halafu unakaa tanga. Sisi tulikaa tanga bila ya kuzika. Siku ya tatu ilipofika hakuna aliyethubutu kukunja jamvi. Tungelianua vipi, na huenda yuko kwenye kisiwa fulani, ameokolewa na dau, hana simu? Rais alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa na zikamalizika. Bendera zilizoshushwa zikapandishwa tena. Kwetu majamvi yalikaa chini siku kumi na moja.

Aliyetuondoa pale ni imamu wetu. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama akasema tutawaswalia walioko baharini sala ya ghaibu. Wanaume walijipanga msikitini, mbele yao hakuna jeneza, sakafu tupu tu. Takbira nne, bila rukuu wala sujudi, kama inavyoswaliwa maiti yoyote. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu, na nakumbuka nilikuwa nikiitazama ile sehemu tupu kupitia upenyo wa pazia. Nilikulia kwenye dini hii, nimesoma chuoni nikahitimu, na sikuwahi kufikiri kwamba sheria ilikuwa imeshamfikiria mtu ambaye mwili wake haupo. Miaka elfu na zaidi kabla yetu wako waliofiwa na watu wa baharini na wa safari za mbali, wakauliza, wakajibiwa. Jibu lilitungojea.

Maalim alitukumbusha hadithi ya Mtume kwamba aliyekufa kwa kuzama ni shahidi. Bibi yangu alikuwa akiijua tangu utotoni lakini siku ile aliisikia upya. Alisema, "Kumbe ndiyo maana hakurudishwa aoshwe." Maalim hakumsahihisha. Kifiqhi shahidi wa namna hii huoshwa na kuswaliwa kama watu wengine akipatikana, na maalim analijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini. Alinyamaza tu akainamisha kichwa. Mimi naona ule ukimya wake ulikuwa na elimu ndani yake.

Bibi hakula samaki tena. Hakutangaza. Alikuwa akisukuma sahani, akila wali kwa mchicha, hadi alipofariki.

Na wifi yangu. Mke wa aliyefariki ana eda, miezi minne na siku kumi, na eda ina mwanzo: siku aliyofariki mume. Wake wa waliopotea siku yao ilikuwa ipi? Mwanamke ambaye mumewe hajulikani aliko haanzi eda kwa kukisia, maana yuko ndani ya ndoa ya mtu mpaka ithibitike vingine. Kwa hiyo wifi hakuwa mjane wala hakuwa mke. Udi hakufukiza, mkono wake haukugusa hina, lakini pia hakukaa ndani kama mwenye eda, kwa sababu kukaa kungekuwa kukiri. Alisimama mlangoni na simu iliyochomekwa kwenye umeme, waya umevutwa mpaka mwisho. Mashehe walishauriana. Mmoja alitaka asubiri. Wengine walisema chombo kimezama mbele ya watu, walionusurika wamemshuhudia kaka akiwa ndani, na muda umepita. Dhana yenye nguvu namna hii ina uzito wake kwenye sheria. Shauri likapelekwa kwa kadhi. Siku wifi aliyorudi na hukumu kwamba aanze eda, alilia kuliko siku ya habari yenyewe. Mama alidhani anaumia kwa kuambiwa mumewe amekufa. Baadaye wifi aliniambia kwamba alilia kwa sababu hatimaye kuna mtu alimwambia yeye ni nani.

*

Kuna maneno tunayoyasema sote kwenye misiba: kazi ya Mungu haina makosa. Nimeyasema mwenyewe mara nyingi na nitayasema tena. Jirani aliyekuletea uji alfajiri akikuambia hivyo, anakushika mkono usianguke. Lakini miezi ile nilianza kuyasikia kwenye vinywa vingine, vya watu waliokuwa wakiulizwa kwa nini meli ya watu wasiofika mia saba iliachwa iondoke bandarini na watu zaidi ya elfu mbili. Kule maneno hayo hayo yalifanya kazi nyingine kabisa. Yalifunga mlango.

Imamu wetu, ambaye si mtu wa kupaza sauti, aliligusa jambo hili kwenye hotuba ya Ijumaa. Alisimulia habari ya yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kisha ategemee. Halafu akasema: kufa kwao ni kadari, na kuijaza meli ni kitendo cha waja, na kila mja ataulizwa kitendo chake. Aliishia hapo. Wazee kadhaa hawakupenda, walisema msiba si mahala pa siasa. Mimi sikuona siasa. Nilimwona mtu anayeilinda imani isitumiwe kama shuka la kufunikia makosa.

Tume iliyoundwa kuchunguza ajali ilitoa matokeo yake Januari 2012. Ikasema waliofariki na waliopotea ni 1,573. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Waliobaki, 1,370, ni wa bahari. Mwanzoni tulikuwa tukiambiwa kiasi cha mia mbili tu, yaani wale waliopatikana. Vijijini hatukushangaa idadi ilipopanda, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na hesabu yake kidoleni. Hesabu ilikosekana pale ilipopaswa kuanzia, kwenye ngazi ya kupandia. Wengi walipanda bila ya kuandikwa popote. Watoto wa mgongoni hawakatiwi tikiti.

Hapo ndipo lilipozaliwa daftari la maalim. Watu walikuwa wakienda kuandikisha jamaa zao wakiulizwa tikiti, kitambulisho, namba, na wengine wakirudi wamekwama. Maalim hakuuliza tikiti. Alikaa kwenye baraza ya chuo baada ya Alasiri, kalamu mkononi, akauliza jina, jina la baba, jina la babu, nani anamjua, nani alizungumza naye mwisho. Wanawake walikuja na watoto wachanga ambao hawakuwa hata na cheti cha kuzaliwa, akawaandika. Akaja mama mmoja ambaye bintiye alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliuliza kwa aibu kama huyo wa tumboni anaandikwa. Maalim alitua kalamu, akafikiri kwa muda mrefu, halafu chini ya jina la binti yule akaandika: na mwanawe. Ukurasa wa nne, mstari wa sita. Kila mwaka husomwa hivyo hivyo, na mama yule, ambaye sasa haoni vizuri, huitikia amina kabla ya wenzake.

*

Mwalimu mwenzangu hapa ninapofundisha ni Mkatoliki kutoka Kagera. Mamake mdogo alikufa na MV Bukoba, 21 Mei 1996, Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka minne kabla hatujaambiana. Siku moja mwezi wa Mei alivaa khanga nyeusi akaniomba nimshikie kipindi aende misa, nikamuuliza, naye akanieleza. Kule walikufa watu karibu elfu, na wengi walizikwa Igoma, kwenye makaburi ya pamoja. Majina ya abiria wa daraja la kwanza na la pili yalikuwa yameandikwa. Ya daraja la tatu hayakuandikwa, na mamake mdogo alisafiri daraja la tatu. Kwao padri husoma majina ya marehemu kwenye nia za misa, na kila mwaka familia yao hupeleka jina lake liandikwe kwenye karatasi ya parokia. "Ni karatasi pekee aliyomo," aliniambia.

Nilimwonyesha picha ya daftari letu kwenye simu. Aliikuza kwa vidole akaanza kuyasoma majina kwa sauti ya chini, ya watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine, ukurasa mzima. Sikumwomba afanye hivyo.

Tangu hapo Mei humsindikiza hadi mlango wa kanisa, naye Mfunguo Mosi hunichangia mchele wa hitima. Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 220 kwenye chombo cha watu 101, tulikaa pamoja chumba cha walimu tukisikiliza idadi ikipanda. Hatukuwa na la kuambiana. Aliwasha mshumaa nyumbani kwake jioni ile na mimi nikasoma juzuu moja ya Kurani.

Maalim wetu alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine zamani. Julai 2012, siku chache tu kabla ya Ramadhani, hata mwaka haujatimia, MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Wa kwetu walikuwemo wachache. Aliacha karatasi moja nyeupe katikati, akaanza upya juu ya ukurasa.

*

Nisifiche kwamba wapo miongoni mwetu wasioikubali hitima ya kila mwaka. Vijana waliosoma nje husema haina asili, kwamba dua mtu huomba popote na siku yoyote. Nawaheshimu, na baadhi yao ni watoto wa waliomo ndani ya daftari. Huwa hawasomi juzuu nasi. Lakini huja. Hukaa nje ya msikiti chini ya mwembe, na majina yanapoanza kusomwa hunyamaza, na baadaye ndio wanaoosha masufuria.

Hitima ya mwaka huu mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo hiyo. Juzuu thelathini ziligawiwa, ubani ukafukizwa, na kwa muda ukawa unasikia ule mchanganyiko wa sauti za watu wengi wakisoma kila mtu mahali pake, ambao ukiwa mbali hudhani ni nyuki. Maalim macho yake yamechoka. Zilipokwisha, hakulifungua daftari. Alilitoa mbele akampa mwana wa kaka yangu.

Ana miaka kumi na sita sasa, mrefu, amevaa kanzu inayomfika sawasawa. Alianza ukurasa wa kwanza kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kidogo, kisha ikatulia. Upande wa wanawake mama yangu alinishika mkono. Wifi alikuwa karibu na pazia, ameinama. Ukurasa wa pili aliufungua, akasoma, akafika kwa babake, majina yote matatu, akapumua, akaendelea na anayefuata bila ya kusita. Nilishukuru.

Anayefuata alikuwa mzee mmoja mchuuzi wa karafuu, hakuwa na mtoto. Kijana alisoma majina mawili akapita.

"Umemwacha babu yake," ilisema sauti nyuma ya pazia. Ilikuwa ya bibi mmoja mkongwe ambaye hana undugu wowote na mzee yule. "Rudi, mjukuu wangu. Mmalize."

Akarudi. Akaufuata mstari kwa kidole, akasoma majina yote matatu.

"Amina," alisema yule bibi, na kijana akaendelea na mstari wa chini yake.